Akiba ya Chini ya Ardhi

Kabla albamu ya kwanza ya bendi ya Boston haijatoka, gari lililosheheni mitambo ya kurekodia lilisafiri kutoka Providence, Rhode Island, likaegeshwa kando ya nyumba ya kawaida katika mtaa wa School Street, mjini Watertown, Massachusetts. Mafundi wakashusha nyaya, wakazipenyeza kwenye kidirisha cha chumba cha chini ya ardhi, wakaziunganisha na rekoda iliyokuwa humo ndani. Hapakuwa na bendi ya kurekodi. Magitaa, besi, ogani na dramu vilikuwa vimekwisha kurekodiwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kuvihamisha kutoka mkanda wa njia 12 hadi mkanda wa njia 24, ili vikamaliziwe California. Kampuni ya Epic, ambayo ndiyo iliyokuwa mlipaji, iliamini kwamba albamu inarekodiwa upya katika studio ya kitaalamu upande wa pili wa nchi.

Albamu ilitoka tarehe 25 Agosti 1976 ikibeba jina la bendi yenyewe, Boston. Ina nyimbo nane zisizozidi dakika 38. Nchini Marekani peke yake imetambuliwa na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, kuwa imefikia nakala milioni 17. Ni bendi chache sana za roki, changa kwa kongwe, zilizowahi kufika hapo kwa albamu yoyote. Boston walifika kwa albamu yao ya kwanza kabisa.

Nimeisikiliza kazi hii kwa miaka mingi, kwanza kama shabiki, kisha kama mtu ambaye riziki yake ni kuketi mbele ya mitambo na kuchanganya sauti za wengine. Kadiri ninavyoisikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunakosea tunapoiita albamu ya kwanza "mwanzo". Albamu ya kwanza iliyofanikiwa ni ghala linalofunguliwa mlango. Msikilizaji huona mlango ukifunguka, akadhani mazao yameota usiku ule ule. Hajui nani alilima, misimu mingapi ilipita, na mvua ngapi zilikataa kunyesha. Wahenga walisema akiba haiozi. Albamu ya Boston ni akiba ya namna hiyo, na historia yake yote, pamoja na yale yaliyoikuta bendi baadaye, inasomeka vizuri zaidi ukiitazama kwa jicho hilo.

Mwenye ghala aliitwa Tom Scholz. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Toledo, Ohio, akafundishwa piano ya muziki wa kale wa Ulaya akiwa mtoto, na gitaa akalishika akiwa ameshakuwa mtu mzima. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, akapata shahada ya kwanza na ya uzamili, kisha akaajiriwa na kampuni ya Polaroid, watengenezaji wa kamera, kama mhandisi wa kubuni bidhaa. Mchana alikuwa mfanyakazi wa ofisini mwenye mshahara wa uhakika. Jioni alishuka chini ya nyumba, na mshahara ule ukashuka naye, ukageuka kuwa rekoda, maikrofoni na nyaya.

Chumba chenyewe hakikuwa na fahari yoyote. Kilikuwa kijisehemu kidogo kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, kuta zimefunikwa mbao za msonobari, na mara kwa mara maji yalikuwa yakiingia. Yeyote aliyewahi kurekodi katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, huku akimwomba jirani apunguze redio, anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba Scholz hakukitazama chumba kile kama mahali pa kupita akingoja studio ya kweli. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa studio ya kweli. Aliijua kila tabia yake, alijua maikrofoni ikae wapi, na kifaa alichokikosa alikitengeneza.

Hakuwa peke yake kabisa. Alikuwapo Jim Masdea, mpiga dramu aliyeamini kazi ile tangu siku za mwanzo na kusaidia kuijenga midundo yake. Alikuwapo Barry Goudreau, mpiga gitaa. Na kupitia duru hizo akapatikana Brad Delp, kijana aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, akitengeneza koili za kupasha joto za mashine za kahawa. Delp alikuwa na sauti ya kupanda juu bila kukwaruza, na sikio lililolelewa na Beatles. Kwa miaka kadhaa watu hawa walirekodi, wakatuma kanda kwa kampuni za muziki, wakajibiwa kwamba hazihitajiki. Walirekebisha, wakatuma tena, wakakataliwa tena.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hupita haraka, kwa sababu kukataliwa hakuna ladha ya kusimulia. Mimi nadhani ndipo penye siri. Kila kanda iliyorudi ilimrudisha Scholz kwenye wimbo ule ule. Kipande cha ogani kinachotangulia "Long Time" alikianza katika siku zake za chuoni mwishoni mwa miaka ya 1960. "More Than a Feeling" ulichukua takriban miaka mitano kukamilika. "Hitch a Ride" ulikuwa na jina jingine na maneno mengine kabla haujapata sura tunayoijua. Kanda ya majaribio iliyowafungulia mlango ilikuwa na nyimbo sita, na tano kati yake ndizo zilizoingia katika albamu. Maana yake ni kwamba siku mkataba uliposainiwa, sehemu kubwa ya albamu ilikuwa imekwisha kutungwa, kupangwa, kurekodiwa, kusikilizwa kwa uchungu na kurekodiwa upya, mara nyingi kuliko bajeti ya kampuni yoyote ingeruhusu. Kampuni hazikujua kwamba kwa kumkataa zilikuwa zinampa kitu ambacho zisingeweza kumpa baada ya kumkubali: muda usio na tarehe ya mwisho.

Mameneja wawili, Paul Ahern na Charlie McKenzie, ndio walioifikisha kanda ile Epic, tawi la CBS. Mkataba ulipatikana, na hapo hapo likaja sharti lililokaribia kuharibu kila kitu. Epic walitaka nyimbo zilezile zirekodiwe upya katika studio ya kitaalamu, chini ya mtayarishaji mwenye uzoefu. Kwa mtu wa ofisi ya kampuni, sharti hilo lina mantiki: kanda ya majaribio ni mchoro, na nyumba hujengwa na mafundi wenye leseni. Lakini Scholz alijua kwamba hakuchora. Alikuwa amekwisha kujenga. Kuhamia studio nyingine kungekuwa sawa na kumwambia mfinyanzi auvunje mtungi aliouchoma, auunde upya kwa udongo wa mbali mbele ya watu wanaohesabu saa.

Mtayarishaji aliyechaguliwa alikuwa John Boylan, aliyekuwa amefanya kazi na Linda Ronstadt na kuwakutanisha wanamuziki waliokuja kuwa Eagles. Alisikiliza, akaelewa. Mpango wao ukawa huu: Boylan achukue wanabendi wengine awapeleke Los Angeles, warekodi huko wimbo mmoja, "Let Me Take You Home Tonight" wa Delp, ili kampuni ione pilikapilika za studio. Wakati huo Scholz abaki Watertown, chini ya nyumba, akamilishe zilizobaki kwa vifaa vyake. Kisha gari la mitambo lije, nyaya zipite dirishani, na mkanda usafirishwe California ambako sauti za Delp zingerekodiwa na albamu nzima kuchanganywa.

Sifa za mtayarishaji huhesabiwa kwa yale aliyoyaongeza: ala aliyoipendekeza, kiitikio alichokirefusha. Ya Boylan, kubwa kuliko zote, ilikuwa kukilinda kile alichokikuta. Alitumia jina na uzoefu wake kama ukuta kati ya fundi na haraka ya mlipaji. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba ni rahisi kuligusa jambo ili alama ya mkono wako ionekane. Kuliacha lilivyo, ukabeba lawama endapo litashindwa, kunahitaji ujasiri mkubwa zaidi.

Sasa tuingie ndani ya sauti yenyewe, maana mauzo hayatokani na kisa cha chumba. Msikilizaji wa 1976 hakujua lolote kuhusu Watertown. Alichojua ni kwamba magitaa haya hayakufanana na mengine.

Amplifaya ya taa, aina iliyopendwa na wapiga roki, hutoa mkwaruzo mtamu pale tu inaposukumwa hadi mwisho wa uwezo wake. Ikifunguliwa kidogo inasikika safi lakini baridi. Ikifunguliwa yote inawaka, nyuzi zinaimba na noti inadumu, ila kelele yake huweza kumtoa jirani nyumbani. Scholz alilitazama tatizo hilo kihandisi. Kama nguvu ya amplifaya ni nyingi mno kwa spika, weka kati yao kifaa kitakachoipokea nguvu ya ziada na kuigeuza joto. Amplifaya inaamini inapiga kwa nguvu zake zote, spika inapata sehemu ndogo tu, na maikrofoni inapokea mkwaruzo kamili kwa sauti inayovumilika. Baadaye, alipoanzisha kampuni yake ya Scholz Research & Development mwaka 1980, aliuza kifaa cha aina hiyo kwa jina la Power Soak. Mwaka 1982 ikafuata Rockman, kidude cha kufunga kiunoni kilichompa mpiga gitaa sauti ile kubwa kupitia spika za masikioni. Def Leppard walitegemea Rockman katika magitaa ya albamu yao Hysteria ya mwaka 1987. Kwa hiyo chumba kile kilizaa zana ambazo wanamuziki wengine walizitumia, na sauti yake ikapenya katika kazi za watu ambao hawakuwahi kukanyaga Watertown.

Jambo la pili ni kurudufu. Scholz hakupiga gitaa mara moja akaridhika. Alipiga mstari uleule tena, noti kwa noti, akauweka sikio la pili, kisha akaongeza mistari inayooana nao kwa vipindi vya sauti vilivyopangwa kama waimbaji wa kwaya. Binadamu hawezi kurudia jambo bila tofauti ndogo sana, na tofauti hizo ndizo zinazofanya sauti ionekane pana. Mashine ikinakili mstari mmoja mara mbili, unapata kelele zaidi tu. Mkono ukiupiga mara mbili, unapata nafasi, kama mtu amefungua madirisha pande zote mbili za chumba. Ukisikiliza "Peace of Mind" kwa spika za masikioni utaelewa ninachosema: magitaa yamesimama kulia na kushoto, na katikati pameachwa wazi kwa ajili ya mwimbaji.

Na mwimbaji huyo naye ni kwaya. Sauti zinazoitikiana katika albamu hii kwa sehemu kubwa ni za Delp mwenyewe, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana zinakaa pamoja bila mshono: pumzi ni moja, matamshi ni mamoja, mahali pa kutikisa sauti ni pamoja. Delp alifariki dunia mwaka 2007, na kila ninaposikia masimulizi ya albamu hii yakimtaja mhandisi tu, nahisi dhuluma. Mitambo ya Scholz ilijenga jumba, lakini mtu aliyekaa ndani yake na kuwasha taa alikuwa Delp. Bila joto la sauti yake, usahihi ule wote ungekuwa maonyesho ya vifaa.

Sikiliza "More Than a Feeling" kwa makini. Hauanzi kwa kishindo. Gitaa la nyuzi 12 linatokea polepole kutoka kwenye ukimya, kana kwamba wimbo ulikuwa ukiendelea mahali fulani nasi ndio tuliochelewa kufika. Mada yake ni kumbukumbu, muziki wa zamani unaomrudishia mtu sura ya msichana aliyeondoka. Scholz alikuwa ameguswa na wimbo wa bendi ya The Left Banke, "Walk Away Renée", na hisia hiyo ya kukumbuka kupitia wimbo ikawa kiini cha wimbo wake mwenyewe. Kisha kiitikio kinaingia na magitaa mazito na makofi, na baada yake Delp anapanda, anapanda tena, mpaka noti yake ya mwisho inakutana na gitaa na gitaa linaipokea. Huwezi kusema hasa ni wapi koo limeishia na uzi ukaanzia. Hapo, kwa sekunde chache, utaona thamani ya miaka mitano juu ya wimbo mmoja. Kipandio kama hicho kinataka ujaribu, ushindwe, uende kazini asubuhi, urudi jioni ujaribu tena.

Wimbo huo ulifika nafasi ya 5 katika chati ya nyimbo ya Billboard. "Long Time" ukafika 22, "Peace of Mind" ukafika 38. Albamu yenyewe ilipanda hadi nafasi ya 3, na kabla mwaka 1976 haujaisha ilikuwa imetambuliwa kwa nakala milioni moja. Redio za FM zilikuwa zimeenea Marekani, zikirusha sauti ya pande mbili na kuwa tayari kupiga nyimbo za albamu badala ya zile za santuri ndogo peke yake. Albamu iliyojengwa kwa upana wa kulia na kushoto ilikuta redio inayoweza kuubeba upana huo. Nyimbo zote nane zikawa za redio, hata "Foreplay/Long Time" inayokaribia dakika nane. Naam, bahati ilikuwapo. Lakini bahati ilimkuta mtu mwenye nyimbo nane zilizoiva, na wengi huwakuta na moja.

Kuna shutuma iliyoiandama bendi hii kwa miaka mingi. Wahakiki waliipachika mahali pamoja na bendi nyingine za wakati ule na kuziita roki ya makampuni: laini mno, safi mno, imepimwa kwa rula ili iuze. Mwaka huohuo wa 1976, mwezi Aprili, Ramones walitoa albamu yao ya kwanza yenye nyimbo fupi, chafu na za kasi, na kwa wengi hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya uasi. Naiheshimu albamu ya Ramones. Lakini shutuma dhidi ya Boston imeegemea kosa la kusikia usafi na kudhani ni utii. Kazi hii ilitengenezwa kwa kukiuka amri ya kampuni, na mtu aliyeitengeneza alilipia vifaa kwa mshahara wake. Katika "Peace of Mind" maneno yenyewe yanamkemea anayetumia maisha yake kupanda ngazi za ofisini, na aliyeyaandika alikuwa akizijua ngazi hizo kwa miguu yake. Usafi wa kazi unaweza kuwa matokeo ya upendo. Seremala anayepiga msasa upande wa ndani wa kabati hafanyi hivyo ili kumpendeza mwenye duka.

Je, kila albamu ya kwanza iliyofaulu lazima ipitie njia hii? La, na mifano iko wazi. Black Sabbath walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza kwa siku moja, mwezi Oktoba 1969. Led Zeppelin walimaliza yao ya kwanza kwa takriban saa 36 za studio jijini London mwaka 1968. Ukiziweka saa hizo kando ya miaka ya Scholz, unaweza kudhani kwamba hoja yangu imeanguka. Tazama tena. Sabbath walikuwa wamezipiga nyimbo zile majukwaani usiku baada ya usiku. Siku moja ya studio ilikuwa picha ya miezi mingi ya jukwaa. Jimmy Page wa Led Zeppelin aliingia studio akiwa na miaka ya kupiga gitaa kwenye rekodi za wengine, na bendi yake ilikuwa imetoka kuzizoeza nyimbo hizo ziarani Skandinavia. Guns N' Roses walipotoa Appetite for Destruction mwezi Julai 1987, walibeba nyimbo zilizokomaa katika kumbi za Los Angeles, na hata hivyo albamu ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kufika nafasi ya kwanza, Agosti 1988. Ghala la wengine lilikuwa jukwaani, la Scholz lilikuwa chini ya ardhi. Popote lilipokuwa, lilijazwa kabla kamera hazijafika.

Sasa tuje kwenye sehemu inayoniuma. Mkataba wa Boston na Epic ulidai albamu 10 ndani ya miaka sita. Tafakari hesabu hiyo. Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya ujana wake kutengeneza nyimbo nane sasa alitakiwa kutoa albamu karibu mbili kwa mwaka, akiwa pia ziarani, akihojiwa, akipigwa picha. Albamu ya pili, Don't Look Back, ilitoka Agosti 1978. Ilifika nafasi ya kwanza katika chati, jambo ambalo ile ya kwanza haikulifikia kamwe. Ukiangalia chati ya wiki ile utasema bendi imepanda. Ukiangalia miaka, utaona mengine: ya pili imetambuliwa kwa nakala milioni 7 Marekani, chini ya nusu ya dada yake. Scholz mwenyewe hakuficha kwamba aliiona imeharakishwa. Na mmoja wa nyimbo zake, "Don't Be Afraid", ulitoka katika ile kanda ya majaribio ya zamani. Walikuwa wakikwangua sakafu ya ghala.

Baada ya hapo Scholz alikataa kukimbizwa. Alirudi kwenye mitambo yake, miaka ikapita, CBS wakafungua kesi mwaka 1983, na mzozo huo wa mahakamani ukaja kuisha miaka kadhaa baadaye kwa ushindi wa Scholz. Albamu ya tatu, Third Stage, ilitoka mwaka 1986 kupitia kampuni nyingine, MCA, na wimbo wake "Amanda" ukawa namba moja. Albamu tatu katika miaka kumi, mahali palipodaiwa kumi katika sita. Hadi mwaka 2013 bendi ilikuwa imetoa albamu sita tu kwa jumla. Wapo wanaoliita hilo ukaidi. Mimi nasoma humo mtu aliyejua chakula chake kinapikwa kwa moto gani, akakataa kukitoa kibichi hata alipotishiwa.

Lakini haki inanitaka nitaje pia bei iliyolipwa na wengine. Masdea, aliyekuwapo wakati hapakuwa na mkataba wala matumaini, aliondolewa kwa shinikizo la kampuni wakati wa kurekodi. Sib Hashian akachukua dramu, na mengi aliyoyapiga yalifuata mipango aliyoiweka Masdea. Masdea anasikika katika "Rock & Roll Band" tu. Akiba ya chini ya ardhi ilikuwa na wawekaji zaidi ya mmoja, na siku ya kugawana si wote walioitwa mezani. Nayasema haya kwa vijana wanaofanya kazi pamoja sasa hivi katika vyumba vidogo: andikeni majina yenu, kubalianeni nani ametunga na nani amepanga midundo, mkiwa bado hamna kitu cha kugombania. Ni rahisi kuwa mwadilifu kabla fedha haijaingia.

Na kwa vijana haohao nina neno jingine. Leo kompyuta moja ya mapajani ina njia nyingi kuliko zile 12 za Scholz, na wimbo unaweza kurekodiwa asubuhi na kusikika dunia nzima kabla ya chakula cha jioni. Vifaa si kizuizi tena kama zamani. Kilichopungua ni ile miaka ya kutosikika. Msanii anatoa wimbo wake wa tatu wakati angepaswa kuuficha, anajifunza mbele ya watu, na akiba yake anaila kila wiki ikiwa bado mbegu. Hunijia wengi wakitaka kujua ni maikrofoni gani wanunue. Huwajibu, kisha nami huwauliza: wimbo huu umekaa nao muda gani? Aliyekaa nao mwaka mzima bila kuutoa hunitazama kwa aibu, kana kwamba amechelewa. Huyo ndiye ninayemwambia avute kiti.

Katika "Hitch a Ride" kuna mahali ogani inalegea, noti yake inapinda kuelekea chini kama kitu kinachoyeyuka. Ogani ya aina ile haiwezi kupinda noti. Ufunguo ukibonyezwa hutoa sauti iliyonyooka. Scholz alikuwa na rekoda mbili zikizunguka, naye akaweka kidole juu ya gurudumu la mkanda wa mojawapo, akalikandamiza taratibu mpaka muda wenyewe ukapungua mwendo na noti ikashuka nao. Mtu mmoja, usiku, kando ya tanuri, anauzuia mkanda kwa ncha ya kidole chake, anasikiliza, anaachia, anarudia. Hakuna aliyemwambia afanye vile, na hakuna aliyekuwa akimsubiri. Nikifika hapo kwenye wimbo, huwa naacha ninachokifanya.